Mwandishi Akishatoroshwa, Kitabu Kinabaki na Nani?

Ananta Bijoy Das alikuwa mfanyakazi wa benki katika mji wa Sylhet, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh. Baada ya saa za kazi alihariri jarida la Jukti na kuandika juu ya sayansi, na juu ya watu wanaoitumia dini kuhalalisha uonevu. Mwaka 2015, baada ya rafiki yake, mwandishi Avijit Roy, kuuawa, chama cha waandishi cha PEN nchini Sweden kilimwalika akazungumze Stockholm kwenye Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, tarehe 3 Mei. Ubalozi wa Sweden ukamnyima viza kwa hofu kwamba akifika hatarudi kwao. Tarehe 12 Mei asubuhi, akielekea kazini, watu waliofunika nyuso walimkimbiza mtaani na kumuua kwa mapanga karibu na nyumbani kwake.

Huwezi kusema Ananta hakuwa na watu. Alikuwa na wenzake nchini, alikuwa na chama cha mbali kilichomwandikia mwaliko rasmi, na huko Stockholm walikuwepo waliokuwa tayari kumpokea. Kilichokatika ni kiungo kimoja tu, dirisha la viza, nacho kilitosha. Nimeanza naye kwa sababu tukizungumzia kuwasaidia waandishi wanaofichua misimamo mikali ya kidini na mateso ya walio wachache, huwa tunauona msaada kama kitu kimoja: unatia saini barua, unachanga fedha, mwandishi anapona. Ukichunguza kwa karibu utakuta ni kazi za watu wengi, na mara nyingine kazi hizo zinagongana. Hatua inayomwokoa mwandishi inaweza kumwacha mchapishaji wake peke yake na wauaji. Hatua inayompa jina Ulaya inaweza kuwaletea balaa majirani aliowaandika.

Bangladesh ndiyo itakayotusaidia zaidi kuyaelewa haya, kwa kuwa huko karibu kila sura ya jambo hili imekwisha kutokea, na kumbukumbu zake zipo wazi.

Riwaya iliyovuka mpaka

Tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu wenye siasa kali uliubomoa Msikiti wa Babri katika mji wa Ayodhya, India. Ghasia zilizofuata nchini humo ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Ng'ambo ya mpaka, Bangladesh, Waislamu ndio wengi na Wahindu ndio wachache. Huko kisasi kililipwa kwa watu ambao hawakugusa hata tofali moja la msikiti ule. Mahekalu yalichomwa, maduka yakaporwa, familia zikavamiwa majumbani mwao.

Daktari mmoja wa Dhaka, Taslima Nasrin, aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, aliandika riwaya fupi juu ya familia ya Kihindu katika siku hizo. Baba, Sudhamoy, naye ni daktari, anaipenda nchi yake na hataki kusikia habari ya kuhama. Binti yake, Maya, anatekwa na genge. Kijana wake, Suranjan, anaharibiwa na hasira mpaka naye anamtendea unyama mwanamke wa Kiislamu asiyemkosea lolote. Riwaya hiyo, Lajja, ilitoka Februari 1993, na ilipofika Julai serikali ilikuwa imeipiga marufuku kwa hoja kwamba inavuruga maelewano. Kundi moja la Sylhet likatangaza zawadi kwa atakayemuua mwandishi. Mwaka 1994 ikatoka hati ya kumkamata, chini ya kifungu cha kuumiza hisia za kidini, kutokana na maneno ambayo gazeti la India lilidai ameyasema na yeye akayakana.

Kwa takriban miezi miwili alijificha, akihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Waliomfungulia milango walijua wazi kwamba wakikamatwa naye wataitwa wenzake katika kufuru. Agosti 1994 akapanda ndege kwenda Sweden. Huko alipokelewa kwa heshima: PEN ya Sweden ikampa tuzo ya Kurt Tucholsky, na Bunge la Ulaya likamtunuku tuzo ya Sakharov mwaka huohuo. Waliomficha Dhaka walibaki Dhaka.

Sehemu inayoumiza zaidi katika habari ya Lajja ilitokea India. Nakala za wizi zilienea huko kwa kasi, na wanasiasa wa mrengo wa kulia wa Kihindu, kambi ileile iliyoshangilia kubomolewa kwa msikiti, wakaisambaza kama ushahidi wa ubaya wa Waislamu. Kitabu kilichoandikwa kuwatetea wachache wa nchi moja kikawa fimbo ya kuwapigia wachache wa nchi jirani. Aliyeisoma riwaya mpaka mwisho anajua kwamba Suranjan aliwekwa mle makusudi, ili msomaji aone jinsi aliyeonewa anavyogeuka mwonevu. Lakini wanaohitaji fimbo hawasomi mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwandishi wa mambo haya anapaswa kumkagua hata anayemuunga mkono. Mtu anayesimama nawe pale tu ambapo mkosaji ni wa dini nyingine, kesho utakapoandika juu ya wakosaji wa dini yake atakuwa wa kwanza kukukana.

India ilitoa mfano mzuri wa kipimo hicho mwaka 2015. Tarehe 30 Agosti msomi wa lugha ya Kikannada, M. M. Kalburgi, mkosoaji wa ibada za masanamu ndani ya jamii yake mwenyewe ya Kihindu, alipigwa risasi mlangoni kwake mjini Dharwad. Sahitya Akademi, taasisi ya kitaifa ya fasihi iliyokuwa imemtunuku, ilikaa kimya. Mwandishi wa Kihindi, Uday Prakash, akairudisha tuzo yake. Mwezi mmoja baada ya mauaji hayo, mwanamume Mwislamu aliuawa na umati huko Dadri kwa tuhuma za kula nyama ya ng'ombe, na Nayantara Sahgal naye akarudisha yake. Wakafuata wengine hadi takriban 40, wa lugha na dini mbalimbali. Mwishoni mwa Oktoba taasisi ikalazimika kutoa tamko la kulaani. Wengi wa waliorudisha tuzo walikuwa wa jamii ya walio wengi, wakiwakemea watu wa jamii yao. Uzito wa tendo lao ulitoka hapo.

Walio katikati

Mwandishi hafiki kwa msomaji peke yake. Kuna mchapishaji, mhariri, fundi wa matbaa, mfasiri, mwenye duka. Watu hawa majina yao yako kwenye karatasi, na anwani zao ziko nyuma ya kitabu kwa sababu biashara inataka zijulikane. Ukitaka kuua kitabu bila kusafiri mbali, hao ndio unaowafuata.

Mwaka 1989 Ayatollah Khomeini alipotoa fatwa dhidi ya Salman Rushdie kwa riwaya yake The Satanic Verses, serikali ya Uingereza ilimpa mwandishi ulinzi wa polisi saa zote. Wafasiri wake hawakupewa. Julai 1991 Ettore Capriolo, mfasiri wa Kiitaliano, alichomwa kisu nyumbani kwake Milan, akapona. Siku chache baadaye Hitoshi Igarashi, mfasiri wa Kijapani na mwalimu wa utamaduni wa Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, aliuawa chuoni kwake. Oktoba 1993 mchapishaji wa Norway, William Nygaard, alipigwa risasi tatu nje ya nyumba yake Oslo. Alipona, na baadaye akawa mwenyekiti wa PEN ya Norway.

Yote hayo yalijirudia Dhaka siku moja. Tarehe 31 Oktoba 2015 washambuliaji waliingia katika ofisi ya shirika la uchapishaji la Shuddhashar mtaa wa Lalmatia, wakamkata mapanga mwenye shirika, Ahmedur Rashid Chowdhury, anayejulikana zaidi kwa jina la Tutul, pamoja na waandishi wawili waliokuwa naye. Wote watatu walipona. Saa chache tu zikipita, Faisal Arefin Dipan wa shirika la Jagriti alikutwa ameuawa ofisini kwake, katika jengo la Aziz Super Market mtaa wa Shahbag, jengo ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa kijiwe cha wapenda vitabu wa mji ule. Wote wawili walikuwa wamechapisha kazi za Avijit Roy, mhandisi mwenye asili ya Bangladesh aliyeishi Marekani, aliyeuawa tarehe 26 Februari mwaka uleule akitoka kwenye maonyesho ya vitabu ya Ekushey. Mkewe, Rafida Bonya Ahmed, alinusurika na majeraha mabaya, kidole gumba kikiwa kimekatwa.

Naomba tuyatazame maonyesho hayo kwa makini kidogo, maana hapo ndipo jamii ya vitabu ilipopimwa. Ekushey hufanyika kila Februari kuwakumbuka waliokufa mwaka 1952 wakidai lugha ya Kibangla itambuliwe. Ni sherehe ya lugha, watu huja na watoto wao. Mwaka 2004 profesa na mwandishi Humayun Azad alikatwa mapanga akitoka hapohapo, baada ya kuandika riwaya iliyowaonyesha wenye misimamo mikali na wanayowafanyia Wahindu wa vijijini. Agosti mwaka ule, akiwa Munich kwa ufadhili wa utafiti, alikutwa amefariki. Februari 2015 waandaaji walikifunga kibanda cha shirika la Rodela kwa sababu ya tafsiri ya kitabu kimoja juu ya historia ya Uislamu, na siku chache baadaye Avijit akauawa. Mwaka mmoja kabla, duka kubwa la vitabu la mtandaoni, Rokomari, lilikuwa limeondoa vitabu vya Avijit baada ya kutishwa.

Simlaumu mwenye duka anayeogopa kufa. Lakini kila kibanda kinapofungwa, kila kitabu kinapoondolewa rafuni, mtishaji anajifunza kwamba vitisho vinalipa, na anayebaki kwenye mstari anazidi kuonekana yuko peke yake. Polisi nao waliongeza upweke huo. Niladri Chattopadhyay, aliyeandika kwa jina la Niloy Neel, alieleza mwezi Mei 2015 kwamba alikwenda kuripoti kuwa anafuatwa, polisi wakakataa kupokea taarifa yake na kumshauri aihame nchi. Tarehe 7 Agosti aliuawa ndani ya nyumba yake. Baada ya hapo mkuu wa polisi aliwaonya wanablogu wasivuke mpaka.

Dawa ya upweke huo iliwahi kupatikana Ujerumani. Mwaka 1989, mchapishaji wa Kijerumani wa Rushdie alipositasita, wachapishaji wengi pamoja na watu binafsi waliungana wakaunda shirika jipya kwa ajili ya kitabu kimoja tu. Wakaliita Artikel 19, kwa kifungu cha Azimio la Haki za Binadamu kinachohusu uhuru wa maoni. Jina la mfasiri halikuwekwa. Walihesabu hivi: ukimtishia mchapishaji mmoja, unaweza kumwinda, lakini kitabu kikitolewa kwa jina la kundi zima, mwindaji hajui aanze na nani. Wachapishaji wa Uhispania nao walikitoa kwa pamoja. Njia hii haihitaji fedha nyingi wala serikali. Inahitaji washindani wa biashara wakubali kugawana hatari, tena mapema, kabla damu haijamwagika.

Dhaka hilo halikufanyika kwa wakati. Baba yake Dipan, Profesa Abul Kashem Fazlul Huq, alisema hadharani kwamba hadai hukumu, anachotaka ni watu warudiwe na akili njema. Hukumu ilikuja Februari 2021, wanane wakahukumiwa kifo, na Novemba 2022 wawili kati yao wakatoroshwa mchana nje ya mahakama ya Dhaka. Shirika la Jagriti halikufungwa. Mjane wa Dipan ndiye aliyeliendeleza.

Hifadhi inavyofanya kazi, na inapoishia

Mwaka 1993 mwandishi wa Algeria, Tahar Djaout, alipigwa risasi na wenye misimamo mikali wa nchini mwake. Kifo chake ndicho kilichowasukuma waandishi wa nchi mbalimbali kuunda Bunge la Kimataifa la Waandishi, Rushdie akiwa rais wa kwanza na Wole Soyinka akimfuata. Wazo lao kubwa lilikuwa kuziruka serikali kuu na kuzungumza na miji. Halmashauri ya mji ina nyumba, ina bajeti, na meya anaweza kuamua jambo bila kusubiri wizara. Bunge hilo halikudumu, ila wazo lilibaki, na mwaka 2006 likapata makao mapya Stavanger, Norway, kwa jina la ICORN, mtandao wa kimataifa wa miji ya hifadhi. Leo mtandao huo una zaidi ya miji 70, mingi ikiwa Ulaya.

Mwandishi aliye hatarini anaomba. Maombi yake yanachunguzwa kwa msaada wa PEN: je, kweli anaandika, je, hatari inatokana na maandishi yake? Akikubalika, anasubiri mji utakaomfaa. Mji unampa makazi, fedha za kujikimu kila mwezi, na mtu wa kumwongoza katika mambo ya shule za watoto, hospitali na vibali, kwa kawaida kwa miaka miwili. Waombaji siku zote ni wengi kuliko nafasi. Na hata mji ukishasema ndiyo, viza hutolewa na dola, haitolewi na mji. Mwandishi anayeomba akiwa tayari ametishwa hadharani huwa amechelewa. Wenye uzoefu humshauri aanze kukusanya ushahidi wake, barua za vitisho, nakala za makala, taarifa za polisi, tangu siku ya kwanza anapopokea simu ya matusi.

Tutul alipita njia hii. Alikwenda na familia yake Skien, mji wa kusini mwa Norway, na mwaka 2016 Margaret Atwood alimchagua kushirikiana naye tuzo ya PEN Pinter. Akiwa huko alilifufua jina la Shuddhashar, safari hii kama jarida la mtandaoni. Huo ni ushindi, na nausema bila kusita. Lakini mchapishaji wa Kibangla aliyeko Skien hana matbaa ya Kibangla mtaani, hana duka linalouza vitabu vyake, wala hawezi kukutana jioni na kijana mwenye muswada mkononi. Taslima Nasrin naye aliishi Ulaya kwa miaka kadhaa, akahamia Kolkata, mji wa India unaozungumza Kibangla, mwaka 2004 ili awe karibu na lugha yake. Serikali ya jimbo ilikuwa tayari imepiga marufuku kitabu chake kingine mwaka 2003, huku baadhi ya waandishi wa mji uleule wakiunga mkono, mpaka Mahakama Kuu ilipokifungulia mwaka 2005. Novemba 2007 fujo zilizuka mitaani, jeshi likaitwa, naye akaondolewa mjini. Kwa hiyo alifukuzwa mara mbili na watu wanaozungumza lugha moja naye.

Hata hifadhi yenyewe haina uhakika. Tarehe 12 Agosti 2022, pale Chautauqua katika jimbo la New York, Rushdie alichomwa visu jukwaani na kupoteza jicho moja. Mazungumzo aliyokuwa ayaanze yalihusu Marekani kama mahali pa kuwahifadhi waandishi waliokimbia kwao. Aliyekuwa naye jukwaani, Henry Reese, mwanzilishi mwenza wa makazi ya waandishi wakimbizi mjini Pittsburgh, naye alijeruhiwa.

Wale walioandikwa

Jambo hili nimeona likirukwa mara nyingi hata na watu wenye nia njema. Mwandishi akiandika juu ya kijiji cha watu wachache kilichovamiwa, akishafika Stavanger kijiji bado kipo palepale. Wahindu wa Bangladesh walikuwa asilimia 13.5 ya watu wote katika sensa ya 1974. Katika sensa ya 2022 walikuwa chini kidogo ya asilimia 8. Sababu ni nyingi, uhamaji na uzazi zikiwemo, lakini hofu na kunyang'anywa ardhi vimo.

Watu hawa wanajua jinsi neno dogo linavyoweza kuwachomea nyumba. Septemba 2012, huko Ramu karibu na Cox's Bazar, picha ya kuikashifu Qurani ilibandikwa kwenye akaunti ya Facebook ya kijana Mbudha. Usiku ule umati ulichoma nyumba za watawa za Kibudha na makazi ya watu wasiojua lolote. Oktoba 2016 yakatokea kama hayo Nasirnagar, safari hiyo dhidi ya Wahindu, kwa sababu ya picha iliyohusishwa na akaunti ya mvuvi mmoja. Ndiyo maana mzee wa hekalu anaweza kumsihi mwandishi anyamaze, na tusimwite mwoga. Anahesabu watoto wake.

Uturuki ilishuhudia jambo kubwa zaidi. Tarehe 2 Julai 1993, katika mji wa Sivas, umati uliizingira hoteli ya Madımak uliokuwa umemkasirikia mwandishi Aziz Nesin kwa kuchapisha vipande vya kitabu cha Rushdie gazetini. Hoteli ilikuwa na wageni wa tamasha la Waalevi, jamii ya wachache ambayo wenye misimamo mikali waliichukia tangu zamani. Ilichomwa moto. Nesin alitoka hai. Watu 35 hawakutoka: washairi, wanamuziki, vijana wa ngoma na wafanyakazi wawili wa hoteli. Kumbebesha Nesin dhambi ya waliowasha moto ni uonevu. Lakini anayeandaa msaada kwa mwandishi lazima ajiulize ni nani wengine wamo ndani ya jengo.

Kwa vitendo, maana yake ni mambo ya kawaida ambayo wahariri wazuri wanayajua. Wenyeji wasomewe sehemu zinazowahusu kabla ya kuchapwa. Majina na alama za kijiji zibadilishwe pale ambapo ukweli hauharibiki. Kitabu kikitarajiwa kuleta ghasia, tarehe ya kutoka isiangukie siku ya uchaguzi au ya sikukuu ambayo mitaa imejaa watu. Fedha za utetezi zisiishie kwa tiketi ya ndege ya mwandishi. Zibaki pia za wakili wa kule kijijini, na za kuwafuatilia wenyeji miezi baada ya kamera kuondoka. Na waandishi wa jamii hiyo ya wachache wenyewe wachapishwe. Mara nyingi anayejulikana dunia nzima ni yule wa jamii ya wengi aliyewaandika kwa huruma, huku wao wenyewe wakiwa na miswada isiyo na mchapishaji.

Sheria tunayoifahamu

Msomaji wa Kenya au Tanzania asidhani mambo haya yako mbali. Kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya wakati wa Waingereza, kinachoadhibu maneno yaliyokusudiwa kuumiza hisia za kidini za mtu, kilisafiri katika makoloni. Maneno yake, karibu kama yalivyo, yamo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 138 cha Kenya. Sheria ya namna hii ina kazi yake halali: kumzuia mchochezi anayetukana imani ya watu ili wapigane. Tatizo ni kwamba mlalamikaji mwenye kelele anaweza kuiazima, na kwa kawaida mwenye kelele si yule mchache aliyeonewa. Riwaya inayosimulia jinsi mhubiri alivyowanyanyasa waumini, au jinsi kijana alivyoingizwa katika kundi la wauaji, inaweza kuitwa tusi na wale wasiotaka isomwe.

Katika ukanda wetu zipo njia za hifadhi zisizopitia Ulaya. Kampala ndiko makao ya DefendDefenders, wanaowasaidia watetezi wa haki waliotishwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na mji huo ni mmoja wa miji ya mpango wa Ubuntu unaowahamishia watetezi katika miji ya Afrika penyewe. Wengine bado huondoka kabisa, kama mshairi wa Uganda Stella Nyanzi, aliyekwenda Ujerumani mwaka 2022 kwa mpango wa PEN ya huko, ingawa yeye alifungwa kwa mashairi ya siasa. Mwandishi wa Kiswahili akihamia mji jirani kwa muda bado anasikia lugha yake sokoni na redioni, na wasomaji wake wako karibu.

Ila mfano ninaotamani tuuige unatoka Tamil Nadu, kusini mwa India. Perumal Murugan alikuwa ameandika riwaya juu ya wanandoa wasiopata mtoto na desturi ya zamani ya tamasha la hekalu. Desemba 2014 makundi ya kitabaka na ya Kihindu yaliichoma hadharani. Januari 2015 maofisa wa wilaya walimwita katika kile walichokiita kikao cha amani, akatia saini ya kuomba radhi na kuviondoa vitabu vyake sokoni. Akaandika kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa. Hakuwa na nguvu za kwenda mahakamani, basi chama cha waandishi na wasanii wa jimbo hilo kikaenda badala yake. Julai 2016 Mahakama Kuu ya Madras iliamua kwamba makubaliano yale hayamfungi mtu yeyote, ikakataa kukipiga marufuku kitabu, na ikamaliza kwa kumtaka mwandishi afufuke arudi kwenye kazi anayoimudu kuliko zote, kuandika. Amerudi, na anaandika mpaka leo.

Kesi ile ilifunguliwa na chama cha waandishi wenyewe. Vyama vya waandishi na vya Kiswahili tunavyo, kuanzia Zanzibar na Dar es Salaam hadi Nairobi. Kila kimoja kinaweza kukubaliana na wakili mapema, kabla hakujawa na kesi, na kumpa mwanachama namba ya simu moja ya kupiga siku atakapoitwa kwenye kikao cha amani, ili asiingie mle peke yake wala asitie saini kabla wakili hajafika.